Usipopatikana, Tumpigie Nani

Hapa Dutwa wanasema Milembe ni mkavu. Wanasema mbele yangu, wakijua mimi ni jirani yake wa duka, ukuta kwa ukuta, na wakijua mdomo wangu haukai. Nimeshagombana na watu wawili kwa ajili ya neno hilo, mmoja wao mbele ya mashine ya kopi na wateja wamejaa. Lakini nikibaki peke yangu nakubali. Siku moja kufuli la duka lake lilimponda kidole gumba mpaka kucha ikawa nyeusi. Alikitazama, kisha akaniuliza kama umeme umerudi.

Mimi ni Maximiliana wa steshenari. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachaji simu, najazia watu fomu za mtandaoni. Nilizaliwa Shishiyu, nikaolewa huku, na hasira zangu ziko karibu, hilo sikatai. Milembe yeye anauza dawa za mifugo: za kuogesha, za minyoo, sindano, kamba. Mtu ng'ombe wake akikohoa anaanzia kwa Milembe, kwa hiyo habari za ng'ombe wa Dutwa zote zinapita pale kabla ya kufika kwa mtendaji.

Mume wake ni Mayala. Nasema ni, sisemi alikuwa, na utaona kwa nini.

Mwaka 2019, alfajiri, waliibiwa ng'ombe sita zizini kwao. Likapigwa yowe, ule mwano wetu wa Kisukuma unaomtoa mwanaume kitandani hata akiwa na homa, na wanaume wakafuata nyayo kuelekea Busega. Siku ya tatu wakarudi, miguu imevimba, mikono mitupu. Wamerudi wote isipokuwa Mayala. Walisema amekataa kugeuka, anasema ameona nyayo za lile dume jeupe la baka jeusi begani, anazifuata peke yake. Jioni ile akampigia Milembe: "Niko Nyashimo. Kesho nitakupigia." Kesho yake Milembe akapiga yeye. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena keshokutwa, na wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Yule mwanamke wa kwenye simu aliendelea kumwambia maneno yaleyale kwa sauti ileile nzuri, mpaka mimi nilitamani kumfahamu nimtukane.

Aliripoti polisi, akapewa RB, ile namba ya ripoti. Alikwenda Nyashimo, akaenda Lamadi, akaenda hospitali za huko kote akiuliza wodi kwa wodi na chumba cha maiti. Hakuna. Akarudi, akafungua duka. Watu wakasubiri alie. Hakulia, na hapo ndipo neno mkavu lilipoanzia.

Sasa elewa shida yake, maana ndiyo hadithi yote. Milembe si mjane na si mke. Binti yao Joyness anasoma Bariadi, bweni, na kila mwaka shule inatuma fomu: baba yupo hai, au amefariki, weka alama. Milembe ananiletea mimi nimjazie, na tukifika hapo ananiambia ruka. Mama mkwe wake, bibi Nyamizi, alikuwa anamtengea mwanawe ugali kila jioni, sahani imefunikwa juu ya meza. Asubuhi wanapewa kuku. Shemeji yake Bujiku naye kila baada ya mavuno ya pamba alikuja na maneno yaleyale: shemeji, tumalize, tukae msiba siku tatu, watu walie, tuanue tanga, ukoo upumue. Na kila mwaka Milembe alimjibu neno moja.

"Bado."

Kikundi cha WhatsApp alikianzisha kwa ajili hiyo, asikudanganye mtu. Watu wanamsifia siku hizi, mama wa maendeleo, sijui nini. Milembe alikuwa anamtafuta mume wake. Alifikiri hivi: mtu anaweza kujificha au kuzikwa porini, lakini ng'ombe lazima aonekane, maana atauzwa, atachungwa, atanyweshwa maji na watu wanaotazama. Likionekana lile dume, aliyekuwa nyuma yake atajulikana. Basi akaunganisha wateja wake arobaini, akaandika: Ng'ombe Waliopotea Dutwa.

Hee! Ungeona wiki ile ya kwanza. Msukuma hawezi kuanza na shida, lazima asalimie kwanza, na akisalimiwa lazima aitike. Saa kumi na mbili asubuhi wanaanza: mwangaluka. Mwangaluka, mhola? Mhola, wa kwako? Watu arobaini, kila mmoja anamsalimia kila mmoja kwa jina la ukoo wake. Halafu sala ya asubuhi. Halafu mtu ametuma mpira. Josia wa Shishiyu, mtoto wa mjomba wangu kabisa, aliibiwa ng'ombe wanne akaingia kwenye kikundi na kishindo cha adabu. Akasalimia wazee, akasalimia akina mama, akauliza habari za mvua huko Dutwa, akangoja ajibiwe. Alipofika kwenye ng'ombe ilikuwa saa nne, na wale ng'ombe wameshavuka barabara ya lami kwenye gari.

Nilimpigia nikamwambia, "Josia, wewe ni mjinga."

Akaniambia, "Sasa dada, ningeingiaje kwa watu bila kusalimia?"

Milembe hakumcheka wala hakumkasirikia. Alitengeneza kikundi cha pili, akakiita Salamu. Mwangaluka zote huko, misiba, harusi, mpira, sala, huko. Kwenye cha ng'ombe ukisalimia anakufuta, hata uwe diwani. Watu walinuna! Mzee mmoja alikuja mpaka dukani kumuuliza amelelewa na nani. Milembe akamwambia, "Shikamoo baba, salamu zako nimezisoma kule kwingine, zilikuwa nzuri." Akamuuzia dawa ya kupe.

Halafu akaweka neno la kwanza. Kila ujumbe lazima uanze na moja ya maneno matatu, kwa herufi kubwa: AMEPOTEA, au AMEONEKANA, au AMERUDI. Ukitafuta kwenye simu unaandika neno lako, zinakuja zote kwa mstari. Picha ya ng'ombe ipigwe upande wa kushoto, kichwa kionekane na sikio lionekane. Kwa sababu hereni za serikali mwizi anazikata na sikio linabaki na tundu tu, lakini mkato wa ukoo hawezi kuurudishia nyama. Kila mji huku una mkato wake. Wa kina Mayala ni sikio la kushoto, limepasuliwa katikati kuanzia nchani, na chini yake kijipengo kidogo. Hakuna mwingine Dutwa nzima mwenye huo. Bibi Nyamizi alimwonyesha Milembe mwaka alioolewa, kwa kidole, kwenye sikio la ndama.

Watu wakaongezeka. Kutoka Dutwa kikaenda Bariadi mjini, Maswa, Itilima, Busega. Kimoja kikajaa tukafungua kingine, jina tukabadilisha kikawa cha Simiyu. Hapo nikaingia mimi, maana nilikuwa nina kompyuta. Nilimtengenezea fomu ya mtandaoni: mtu anabonyeza kiungo, anajibu maswali, na majibu yanajipanga yenyewe kwenye jedwali ambalo kila mtu anaweza kulitazama, ingawa wengi wanajaza tu na kuondoka. Rangi gani, umri gani. Sikio lina mkato gani. Amepotelea wapi, lini. Mji wa nani, na namba yake ya simu. Nikadhani tumemaliza.

Milembe akasimama nyuma yangu akasema, "Ongeza moja."

"Ipi tena?"

"Usipopatikana, tumpigie nani."

Nikaandika, sikumtazama.

Mstari wa kwanza wa jedwali tulijaza wa kwake. Dume, jeupe, baka jeusi begani. Sikio la kushoto limepasuliwa katikati, kijipengo chini. Aliondoka nalo Mayala, au Mayala yuko nyuma yake, hivyo ndivyo alivyotaka iandikwe. Usipopatikana tumpigie nani: Milembe, mke wake, na namba. Hali: AMEPOTEA. Tangu siku hiyo tumeandika mistari zaidi ya mia nne. Wapo waliopata ng'ombe wao siku hiyohiyo kwa sababu mama mmoja wa samaki Lamadi aliona picha akiwa kwenye foleni ya barafu. Josia mwenyewe mwaka juzi aliibiwa tena, safari hii akaandika AMEPOTEA bila kumsalimia hata Mungu, na wakapatikana kabla ya saa sita. Mistari ilibadilika, AMEPOTEA ikawa AMEONEKANA, AMEONEKANA ikawa AMERUDI. Wa kwanza ulibaki ulivyo.

Nilikuwa namwangalia picha zikiingia. Anafungua, anakuza sikio kwa vidole viwili, anatazama, anafunga. Mwaka wa kwanza alikuwa anashika pumzi. Mwaka wa pili nao hivyohivyo. Baadaye alikuwa anafanya huku anamhesabia mteja vidonge vya minyoo.

Sasa mwaka huu. Bujiku alikuja mwezi wa saba, pamba imeshapimwa, na hakuja peke yake. Walikuja watu wanne wa ukoo, wakakaa kwenye benchi la dukani kwake. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta na mashine nimezima ili nisikie.

"Shemeji," Bujiku akasema, "miaka sita. Mama anazeeka, anapika chakula cha kuku. Jumamosi ya wiki ijayo tunakaa msiba. Tumeshaelewana."

Nikajua anasema bado. Nilijiandaa hata kwenda kumsaidia kugombana.

"Sawa," Milembe akasema.

Nilikwenda baadaye nikamuuliza umekubaliaje. Akaniambia amechoka. Akasema anaona hata uso wa Mayala haumjii vizuri, kinachomjia ni ile picha ya kitambulisho. Nikamuuliza, unajisikiaje? Akafikiri kabisa, kama mtu anayetafuta kitu kwenye rafu.

"Sijisikii," akasema.

Basi ikafika Jumanne, zimebaki siku nne. Mahindi ya msiba yameshapelekwa mashineni, turubai limeshaombwa. Saa tano asubuhi nilikuwa nampigia mwalimu mmoja kopi za mtihani, kompyuta ikalia: fomu mpya imejazwa. Kawaida yetu ni kwamba mimi namsomea Milembe kupitia dirishani, yeye anasikiliza huku anauza, kama kuna ng'ombe anayefanana na aliyeonekana ananiambia. Anakumbuka wote kichwani.

"Jike," nikasoma kwa sauti. "Jekundu, uso mweupe, miaka mitatu. Amepotelea Lamadi, tangu Jumapili."

"Yupo," akasema Milembe. "Mzee Mayige wa Nyashimo ametuma jana. Jike jekundu, uso mweupe, limeingia kwenye mahindi yake. Lakini amepiga picha upande wa kulia. Sikio?"

"Sikio," nikasoma. "La kushoto. Limepasuliwa katikati kuanzia nchani, chini kuna..."

Mwalimu akaniuliza kama karatasi zimekwama.

"Chini kuna nini, Maxi?"

"Kijipengo."

Nilisikia anaweka chupa kaunta, polepole, halafu nyingine.

"Mji wa nani?"

"Baba Selestini, Lamadi." Nikashuka mstari wa mwisho, na hapo, jamani, macho yangu yalifika kabla mdomo haujajua kufunga. "Usipopatikana tumpigie nani: mke wangu Rhoda." Na namba yake huyo Rhoda.

Nilimfukuza yule mwalimu. Nilimwambia mtihani utasubiri, nikafunga mlango, nikazunguka kwa Milembe. Alikuwa amesimama palepale. Nikaanza kusema haraka, maana nilikuwa naogopa. Nikamwambia mtu anaweza kuwa amenunua ng'ombe wa wizi wa kina Mayala, wakazaa. Akasema ndama hazaliwi na mkato. Nikamwambia basi mtu ameuiga. Akasema labda. Akachukua simu ya kikundi, ile isiyo na jina la mtu, laini tuliyonunua baada ya Mayala kuondoka, akamwandikia mzee Mayige: tafadhali baba, piga tena, upande wa kushoto, karibu na sikio.

Tukangoja. Alikuja mtu anataka dawa ya kuogesha, akamuuzia, akamweleza vipimo vya maji, kifuniko kimoja kwa ndoo, usizidishe. Mimi nikakaa juu ya gunia la pumba. Picha ikaingia. Akaikuza kwa vidole viwili. Kisha akanipa mimi nione. Sikio lilikuwa lilelile.

"Mpigie," nikasema. "Mpigie huyo Baba Selestini sasa hivi, tumsikie!"

"Nimwambie nini?"

"Umwambie... Mungu wangu, Milembe, una mengi ya kumwambia!"

Hakupiga. Aliandika. Na aliandika kama anavyowaandikia wote, nilikuwa namsoma juu ya bega: AMEONEKANA. Jike lako liko Nyashimo kwa mzee Mayige, karibu na josho. Nenda na barua ya mtendaji wako. Umwombe radhi kwa mahindi yake. Akaituma kwenye namba ya Baba Selestini mwenyewe.

Alama mbili zikawa za bluu. Chini pakaandikwa anarekodi sauti. Wengi wanafanya hivyo, kuandika kunawachosha, halafu kwenye sauti unaweza kusalimia kwa raha zako.

Milembe akabonyeza.

"Mwadila, mwadila kaka. Mhola huko? Poleni na kazi. Aisee wabeja sana kaka, umenisaidia, nilikuwa nimeshakata tamaa na yule ng'ombe, nilikuwa silali. Kesho mapema nipo kwa huyo mzee, sawasawa hivyo. Watu kama nyie ni wachache. Mungu akutunze kaka, wewe na familia yako."

Nyuma ya sauti kulikuwa na mtoto anacheka na mtu anatwanga.

Mimi Mayala nilimjua miaka kumi na moja. Alikuwa akinunua vocha kwangu. Kila kitu kwake kilikuwa sawasawa hivyo, ukimpa chenji sawasawa hivyo, ukimwambia mvua inakuja sawasawa hivyo. Milembe akabonyeza tena, akasikiliza mpaka mwisho. Akaiweka simu kaunta, kioo chini.

"Kaka," akasema.

Mimi ndiye niliyelia. Nililia kwa hasira, nalisema wazi, nilitaka kumuua. Nilimwambia nipe simu nimtukane mpaka huyo Rhoda asikie. Nikamwambia tumpigie mzee Mayige amfunge yule ng'ombe, akija akute polisi na Bujiku na ukoo mzima na fimbo. Nikamwambia hakulala kwa ajili ya ng'ombe! Ng'ombe! Wa siku mbili! Sijui Mayala alifikiri nini alipofika Lamadi. Labda aliona aibu kurudi bila ng'ombe, nimesikia watu wanasema hivyo siku hizi, kwa upole kabisa. Mimi huruma hiyo sina, wakaitafute kwingine.

Milembe alinipa kitambaa cha kufutia kaunta.

"Nangoja," akasema. "Nangoja nione kama kuna kitu kitakuja. Hakiji, Maxi."

Saa kumi tulifunga maduka, tukaenda wote kwa bibi Nyamizi. Nilimwambia naenda kumsindikiza, ukweli nilitaka kuwa karibu asianguke. Hakuanguka. Bibi alikuwa uani anachambua maharage ya Jumamosi. Turubai lilikuwa limeshaletwa, limekunjwa chini ya mnazi wa jirani... hapana, chini ya mti wa mchongoma, mnazi Dutwa hatuna, unaona jinsi siku ile inavyonichanganya.

"Mayu," Milembe akasema, akapiga magoti, akasalimia vizuri mpaka mwisho, hakuruka hata kipande. Ndipo akampa simu. "Tazama sikio."

Bibi haoni mbali lakini karibu anaona. Akaisogeza, akapitisha ukucha juu ya kioo, kwenye ule mpasuko, picha ikaruka akaogopa. Nikamrudishia. Akatazama muda mrefu.

"Huu ni mkono wa Mayala," akasema. "Baba yake alipasua wima. Huyu siku zote kisu kinamwendea pembeni, nilikuwa namgombeza." Akanyanyua uso. "Ng'ombe huyu ana umri gani?"

"Miaka mitatu, mayu."

Bibi alihesabu kwa vidole. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Aliuliza yuko wapi, Milembe akasema Lamadi. Akauliza ana watu, Milembe akasema ana mke, na ana mtoto anaitwa Selestini. Hakuweka chumvi. Kutoka Dutwa mpaka Lamadi ukipanda basi asubuhi unakula chakula cha mchana huko.

Yule bibi akaanza kurudisha maharage kwenye mfuko, ngumi kwa ngumi. "Mwambie Bujiku watu wasije," akasema. Halafu akasema, "Nilikuwa namfunikia sahani," na hapo akavuta kanga usoni. Milembe alikaa pembeni yake chini, wakakaa hivyo. Jioni ile bibi alipika ugali wa watu wawili, yeye na Milembe.

Bujiku alitaka kwenda. Alikuja juu, alitaka watu kumi na pikipiki tano. Milembe alimwambia kama ni ndugu yake anamfuata, aende, lakini asiseme ametumwa na yeye. Nadhani alikwenda. Hilo ni la kina Bujiku.

Jumatano asubuhi nilifika mapema kuliko kawaida. Nilikuwa sijalala, nimekaa na ile fomu kichwani. Nikawasha kompyuta, nikafungua maswali, nikaenda kwenye lile la mwisho, nikaliwekea alama ili nilifute. Nilikuwa nalichukia. Milembe akatokea dirishani na funguo mkononi.

"Unafanya nini?"

"Nafuta."

"Liache," akasema. "Linasaidia watu."

Akaingia, akavuta kigoda, akakaa karibu yangu, jambo ambalo hafanyi, huwa anasimama. Akaniambia nifungue jedwali, nipande juu kabisa, mstari wa kwanza. Nikapanda mistari mia nne na kitu mpaka nikafika. Dume jeupe, baka jeusi begani. Mayala yuko nyuma yake.

"Weka ameonekana," akasema.

Nikafuta AMEPOTEA, nikaandika AMEONEKANA. Nilidhani tumemaliza, nikataka kufunga. Akagusa kioo kwa kile kidole chenye kucha nyeusi, mwisho wa mstari, pale penye jina lake na namba yake. Usipopatikana, tumpigie nani.

"Nitoe hapo."

Nilitoa. Pakabaki patupu, kale kamstari kanawaka na kuzima. Nje mteja alikuwa ameshaanza kugonga kaunta yake, mama wa dawa, uko wapi, na Milembe akainuka, akatikisa kanga, akanitajia ile namba ya mwisho kwenye fomu ya Lamadi, yote kichwani, tarakimu kwa tarakimu, bila kukosea.

"Andika Rhoda," akasema, akaenda kufungua duka.